Jiko la indaksheni la mtumba halina plagi, fundi anataka kunifungia ya pini 3. Nikubali?

Mama Twaha Tabata

Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri wenu kabla sijafanya kitu cha kujutia.

Jumamosi Baba Twaha alipita kwenye kontena la vitu vya Ulaya, akarudi na jiko la indaksheni (lile la umeme linalopasha sufuria kwa sumaku) la kuzamisha kwenye kaunta. Kioo cheusi, maduara 4, halina mkwaruzo, ila kona moja kuna alama ya sukari iliyoungulia. Muuzaji alimwonesha taa zinawaka, basi, biashara ikaisha hapo.

Tatizo halina plagi. Nyuma unatoka waya mnene uliokatwa, ndani yake mna nyaya 5: kahawia, nyeusi, kijivu, buluu na ile ya njano yenye kijani. Kistika cha chini kimeandikwa 7200 W, 220-240 V.

Nimemwita fundi wa mtaani kwetu, kaliangalia dakika mbili, kasema, "Kitu kidogo hiki mama, nakuwekea plagi ya pini 3, tunachomeka pale pa friji." Baba Twaha kafurahi. Mimi moyo umegoma. Nyumba ni yetu, waya zilitandazwa 2011, jikoni kuna soketi 2 tu. Halafu sufuria zangu zote ni hizi za kawaida, na mama mkwe tunaishi naye, ana kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo alichowekewa kifuani.

Nikubali plagi? Nisipokubali nifanyeje?

Babu Ukonga

Mtungi wa gesi upo, mkaa upo, wewe unatafuta kioo cha kupikia. Kweli hela ina kelele.

Fundi Nyaya

Dada, moyo wako una akili kuliko huyo fundi. USIKUBALI.

Chukua kalamu. Plagi ya pini 3 ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230 unapata karibu wati 3,000, na hapo plagi imefika mwisho. Jiko lako ni wati 7,200, yaani ampea 31 na kitu. Ukiwasha duara moja la kuchemshia chai halitasumbua, na fundi atakwambia "si unaona?" Siku ya Idi ukiwasha yote 4, fyuzi itakatika. Hiyo ndiyo bahati nzuri. Bahati mbaya ni pale mtu anapochoka kununua fyuzi, anafunga kipande cha waya mahali pake. Nimeshafungua plagi ya namna hiyo Buguruni, plastiki ilikuwa imeyeyuka ikashikana na soketi, nikaichomoa pamoja na rangi ya ukuta.

Jiko hilo linataka laini yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka: waya wa milimita 6 za mraba (soketi zako bila shaka ni 2.5), breka ya ampea 32, na swichi kubwa ya jiko ukutani, mahali unapofika bila kupitisha mkono juu ya sufuria.

Sasa hapa msome wote, maana ndipo mafundi wanapoulia watu. Kwenye waya za zamani zilizojaa nyumba zetu, nyekundu ni moto (waya unaoleta umeme) na NYEUSI ni nyutro (unaorudisha). Kwenye waya huo wa Ulaya, nyeusi ni MOTO, sawa na kahawia, na nyutro ni buluu. Fundi aliyezoea nyekundu na nyeusi akifunga kwa mazoea, nyeusi kwa nyeusi, ni shoti. Mchoro wa kufungia huwa uko chini ya jiko, karibu na pale waya unapoingilia. Fundi asiyeutafuta huo mchoro mwambie asante, mpe nauli.

Mama Twaha Tabata

Mungu wangu. Asante sana kaka. Je, arthi, yaani ule waya wa njano yenye kijani, nao ni lazima? Maana friji langu nikiligusa bila viatu kuna siku linanitekenya.

Fundi Nyaya

Linakutekenya?! Dada, sahau jiko kwanza. Hiyo ni dalili kwamba arthi yako haifanyi kazi, na kuna kitu kinavuja. Vaa ndala ukiwa jikoni, na kesho aje mtu apime fimbo ya arthi iliyozikwa nje na waya unaotoka pale mpaka kwenye soketi. Angalia pia kama kwenye kisanduku kuna ile breka ya kukata umeme unaovuja, yenye kitufe kilichoandikwa T. Kama hamna, iwekwe, ya miliampea 30. Ukibonyeza T inatakiwa idondoke papo hapo.

Mbagala mpaka Hamburg

Naongezea kidogo toka huku. Nyumba za Wajerumani zina laini ya jiko tangu zinajengwa, mara nyingi ya fezi 3 (nyaya 3 za moto badala ya moja), ndiyo maana majiko haya yanakuja na nyaya nyingi bila plagi. Hapo kwenu mna fezi moja, nayo linafungika, kwa kuunganisha nyaya zile za moto kama mchoro unavyoonesha. Ndiyo maana kistika kinasema 220-240.

Kingine, ingiza namba ya modeli mtandaoni upate kitabu chake. Baadhi ya modeli zina mpangilio wa kupunguza nguvu ya jiko zima, unaliambia lisipite labda wati 3,500. Likiwa nao, umeme wako hautalemewa sana. Kitabu hichohicho kitakupa vipimo vya tundu la kaunta na nafasi ya hewa chini. Feni ya jiko iko tumboni. Ukilibana juu ya droo iliyojaa mifuko ya nailoni, litajizima kila dakika 20 na utadhani bovu.

Aliyekuwa Mama Ntilie

Mwanangu, mambo ya waya sijui, ya sufuria niulize mimi. Nina la duara moja, mwaka wa tatu sasa.

Chukua sumaku, hata ile ya kubandika kwenye friji, ishikishe chini ya kila sufuria. Ikinata vizuri, itapika. Isiponata, jiko litalia tii tii tii na kuzima. Sufuria zetu za alumini zote zitaanguka mtihani, na chungu pia. Zitakazopita ni kaango la chuma, sufuria za enameli, na stenlesi baadhi, si zote. Hata chuma cha chapati kinapita, ila usikiburute, kioo kitakwaruzika. Nyanyua.

Ugali ndio kasheshe. Ukikandamiza mwiko sufuria inateleza, ukiinamisha jiko linakata moto. Nunua sufuria nzito yenye mshikio mrefu, shika kwa mkono wa kushoto kama unamshika mwizi. Wali unaiva vizuri, ila kupalia mkaa juu ndiyo basi tena. Mimi unapokauka napeleka namba ya chini kabisa na mfuniko mzito. Na kwa namba ya chini utaona linachemka, linanyamaza, linachemka, linanyamaza. Usilipeleke kwa fundi, mengi ndivyo yalivyo.

Mafuta ya maandazi: weka namba ya kati na usiondoke. Linapasha haraka ajabu, mafuta yanaanza kutoa moshi wewe bado unasukuma. Yakishika moto usimwage maji! Zima, funika, kaa mbali.

Tokeni 500

Kuhusu LUKU (umeme wa kulipia kabla) nimepima mwenyewe kwa mita: lita 2 za maji hadi kuchemka, kama yuniti 0.2. Kwa bei yetu ya kawaida, ukiweka na kodi zake, yuniti ni kama shilingi 356, kwa hiyo chai ya familia ni shilingi 70 na ushee. Siyo mchezo mbaya. Maharage ya saa mbili ndiyo yatakula, hayo yaingie presha kuka (pimeni na sumaku). Walio kwenye tarifu ya chini, ile ya bei nafuu isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, wapige hesabu kabla, maana jiko litawavusha pale haraka.

@Babu Ukonga, kwenye gesi joto jingi linapotelea pembeni ya sufuria. Hili linapasha sufuria yenyewe, karibu asilimia 85 ya umeme inaingia kwenye chakula.

Babu Ukonga

Umeme ukikatika asilimia 85 itanisaidia nini?

Tokeni 500

Hapo umenishika mzee. Mtungi mdogo usiuze.

Nesi wa zamu ya usiku

Dada, kuhusu mama mkwe. Jiko hili linatengeneza uga wa sumaku pale juu, na wenye vifaa vya moyo huambiwa waache walau sentimeta 60 kati ya kifua na jiko likiwa limewashwa. Kukaa jikoni akipiga soga hakuna shida, kuinamia sufuria kuonja mchuzi ndiyo asifanye. Kliniki yake ijayo mwambieni daktari, wataje na aina ya kifaa.

Usafi Kinyerezi

La mende hamjalitaja. Wanapenda tumboni mwa jiko kwa sababu pana joto. La kwangu la mezani lilikufa hivyo, fundi alipolifungua familia nzima ilikuwa imelala juu ya saketi. Chini ya jiko pawe pakavu, na ukimaliza kupika usizime ukutani hapohapo, acha feni imalizie.

Kioo kifutwe kikipoa, kitambaa laini na siki kidogo. Steliwaya marufuku. Sukari au jemu ikimwagika ndiyo peke yake hungoji ipoe, ikwangue ingali moto kwa kikwanguo chake, maana ikipoa inang'oa kioo. Herufi H ikiwaka kioo bado cha moto, watoto wakae mbali. Na kikipata ufa, hata wa unywele, zima ukutani usilitumie, maji ya mchuzi yakipenya yanakutana na umeme.

Mama Twaha Tabata

Wapendwa, narudi na mrejesho. Samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Fundi niliyeelekezwa na jirani alifungua kisanduku, waya wa arthi wa jikoni ulikuwa unaning'inia tu, haujashikishwa popote tangu 2011! Na skrubu ya soketi ya friji ililegea, plastiki imekuwa kahawia kama mkate. Kafunga arthi, kaweka breka ya kitufe cha T (nimebonyeza mwenyewe, ikadondoka, nikapiga kelele), kavuta waya wa 6 kwa bomba la juu ya dari mpaka kwenye swichi kubwa. Mchoro ulikuwepo chini ya jiko kama mlivyosema. Friji halinitekenyi tena. Gharama imepita bei ya jiko, Baba Twaha hasemi neno.

Sufuria zilizopita sumaku ni 2 kati ya 11. Mama mkwe tumemwekea kiti chake karibu na mlango.

Swali la mwisho: ile ya stenlesi nyepesi nikiiweka namba ya 9 inavuma kama nyuki. Kaango la chuma halivumi. Ni ubovu?

Fundi Nyaya

Siyo ubovu dada. Ni kitako cha sufuria kinatetemeka, nyepesi zenye matabaka ndivyo zilivyo. Shusha namba 7 itanyamaza, au jaza chakula zaidi. Ila baada ya mwezi mmoja zima meini swichi, mwite fundi akaze tena skrubu za ile swichi kubwa. Waya mnene huwa unalegea ukishapata joto mara kadhaa.