Mwanafunzi aanzie wapi katika mivunjiko ya mifupa?

Swali: Ndugu walimu, wanafunzi wangu hutaja aina za mivunjiko bila kosa, lakini wakimpokea majeruhi wa bodaboda ambaye mfupa umetoboa ngozi, hukimbilia kuomba eksirei. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye njia ya hewa, upumuaji na kuzuia damu, kisha mapigo na hisia chini ya jeraha, kabla na baada ya kunyoosha kiungo. Antibiotiki zianze mapema, ikiwezekana ndani ya saa 1, pamoja na kinga ya pepopunda.

Jibu: Mimi nasisitiza hogo, yaani plasta ngumu inayofungwa kushikilia mfupa uliovunjika. Mwanafunzi ajue kwamba maumivu yanayozidi vidole vikinyooshwa ni dalili ya shinikizo ndani ya misuli, hata kama mapigo yapo. Hogo lipasuliwe mara moja hadi kwenye ngozi, na daktari wa upasuaji aitwe.

Muulizaji: Nashukuru sana, hilo la mapigo sikuwahi kulisisitiza.