Bima imekataa MRI ya mgongo ya mume wangu (Marekani). Rufaa inaanzia wapi?

Mama_Wawili:
Habarini wakuu. Tuko Marekani, bima ni ya kazini kwa mume. Maumivu ya kiuno yanashuka hadi mguuni, vidole vinakufa ganzi. Daktari ameandika MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili), bima imejibu kwa barua kwamba kipimo "si cha lazima kitabibu". Aliyekataa hajawahi hata kumwona mgonjwa. Ni faida tu wanalinda, au kuna utaratibu tumeukosea?

Kitwana_R:
Pole sana dada. Kabla ya yote: mkojo ukiziba au ukimponyoka, akipata ganzi sehemu za siri, au mguu ukiisha nguvu ghafla, wekeni barua kando mwende emajensi saa hiyo hiyo. Huduma ya dharura haihitaji kibali cha awali cha bima.

Kama hayo hayapo, soma sababu iliyoandikwa. Kwa MRI ya kiuno kigezo cha kawaida ni wiki 6 za fiziotherapia na dawa bila nafuu. Mara nyingi mgonjwa ameshazimaliza, ila kliniki imetuma ombi bila tarehe, na mkaguzi asipoona tarehe anakataa. Mwombe daktari ampigie daktari wa bima waongee wao wawili. Nafasi hiyo hufungwa baada ya siku chache, kwa hiyo afanye leo. Awe na tarehe za fiziotherapia, dawa na dozi zake, na vipimo vya nguvu ya misuli na hisia za mguu. Ombi lililoandikwa "maumivu ya mgongo" basi, bila dalili za mguuni, ni rahisi sana kukataliwa.

BintiSaadani:
Kuhusu faida: sheria ya afya ya 2010 inazilazimisha kampuni kutumia angalau 80% ya michango kwenye matibabu na kuboresha huduma, au 85% kwa waajiri wakubwa. Zisipofika, zinarudisha tofauti kwa wateja. Ni kinga nzuri, lakini haizuii kukataa. Kinachozisaidia kampuni ni kimya chetu: kwa bima zinazouzwa kwenye soko la serikali, HealthCare.gov, madai yanayokatiwa rufaa hayafiki 1% ya yaliyokataliwa. Mgonjwa akinyamaza, pesa imebaki kwao. Usinyamaze.

Kitwana_R:
Hapo niongeze, maana wengi hupotea hapa. Waajiri wengi wakubwa hulipa matibabu kwa fedha zao wenyewe. Kampuni ambayo jina lake liko kwenye kadi inasimamia tu, kwa ada. Mpango wa namna hiyo hauguswi na ile 85%, na kamishna wa bima wa jimbo hana mamlaka juu yake; uko chini ya Wizara ya Kazi, kwa ERISA, sheria ya 1974 ya mafao ya wafanyakazi. Mume aulize ofisi ya rasilimali watu kwa maandishi. Ikiwa ndivyo, awabane na wao pia, kwa sababu mwenye mfuko ni mwajiri.

Mama_Wawili:
Asanteni. Fiziotherapia amefanya wiki 7, lakini kliniki nyingine kabisa, si kwa daktari huyu.

BintiSaadani:
Basi tatizo huenda ni hilo. Chukua rekodi zote za kule, mpe daktari, na uziambatanishe kwenye rufaa. Una siku 180 tangu kupokea barua. Kwa huduma ambayo bado haijafanyika wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Daktari akiandika kwamba kuchelewa kunahatarisha afya, ni saa 72. Dai pia faili lote la uamuzi, hutolewa bure: vigezo walivyotumia na maelezo ya mkaguzi. Barua yako ijibu kigezo kimoja kimoja kwa tarehe na ushahidi. Malalamiko ya jumla hayasomwi kwa makini.

Wakikataa tena, una miezi 4 ya kuomba mkaguzi huru wa nje. Uamuzi wake unaifunga bima. Tuma kwa faksi au barua ya rejista, tunza risiti, na kila ukipiga simu andika tarehe, jina la aliyepokea na namba ya kumbukumbu. Kiingereza kikiwa kizito, omba mkalimani wa Kiswahili kwenye simu hiyo hiyo. Hulipii.