Wimbo wa "TV Party" wa Black Flag: ni sherehe au ni kejeli?

Mdadisi wa Nyimbo (muulizaji)

Salaam wanajamvi. Naomba msaada kuhusu wimbo wa "TV Party" wa bendi ya Black Flag ya Hermosa Beach, California, uliomo katika albamu yao ya Damaged ya mwaka 1981. Kila ninapousikia, nasikia vijana wakipiga makofi na kutangaza kwa furaha kwamba usiku huu hawana shughuli nyingine ila kunywa bia na kutazama televisheni hadi usingizi uwapitie kwenye kochi. Hakuna hata mstari mmoja ambamo mwimbaji anawakemea. Wenzangu wanaopenda panki, yaani muziki wa roki wa kasi na wa kiuasi, wanashikilia kuwa huu ni wimbo wa starehe tu, na kwamba sisi tunaouita kejeli tunaubebesha maana isiyokuwa yake. Mimi nahisi kwamba unauma, lakini nashindwa kuonyesha meno yalipo. Je, kejeli inakaa wapi katika wimbo ambao wahusika wake wanajisifu mwanzo hadi mwisho?

Msomaji wa Ushairi

Ndugu muulizaji, kejeli hiyo imekaa katika nafsineni, yaani mhusika anayesema ndani ya wimbo. Greg Ginn, mpiga gitaa aliyeutunga wimbo huu, hakumpa mwimbaji wake Henry Rollins nafasi ya mhubiri anayewatazama waraibu kwa mbali. Alimkalisha katikati yao, akamwacha aseme kwa kinywa chake yale ambayo mraibu wa kweli hathubutu kuyakiri. Usikisikilize kiitikio peke yake, sikiliza na beti. Humo nafsineni anasema hawezi kukaa bila televisheni hata kwa dakika moja, kisha anaongeza, kwa sauti ileile ya majigambo, kwamba hajisumbui tena kutumia ubongo wake kwa kuwa hakuna kilichobaki ndani yake. Mtu anayetangaza hasara ya namna hiyo kana kwamba ni ushindi amekwisha kujihukumu mwenyewe, na mtunzi hana haja ya kuongeza neno.

Halafu televisheni inaharibika. Hapa ndipo wimbo unapofikia kilele, na ndipo ningewaomba wenzako wasikilize kwa makini. Kundi lililokuwa likishangilia linaulizana litazungumza nini usiku huo, na jibu linalotoka ni kwamba hawajui. Marafiki wamekaa pamoja, bia ipo, usiku bado mchanga, na hawana la kuambiana. Wanachoweza ni kuyarudia majina ya vipindi vyao, safari hii kwa kuomboleza kwamba watavikosa. Wimbo wa starehe usingewavua nguo wahusika wake kwa namna hiyo.

Mpenda Historia

Naongezea muktadha, kwa sababu majina yanayopigiwa kelele katika wimbo huo hayakuokotwa ovyo. Dallas, Hill Street Blues, That's Incredible! na Monday Night Football vilikuwa vipindi vya mitandao mitatu mikubwa, yaani CBS, NBC na ABC, iliyotawala televisheni ya Marekani wakati huo. Nyumba zenye mashine ya kurekodi zilikuwa bado chache, kwa hiyo aliyekosa kipindi siku yake alilazimika kungoja hadi kirudiwe, ikiwa kingerudiwa. Tarehe 21 Novemba 1980, Dallas ilipofichua nani alimpiga risasi J.R., mhusika wake mkuu, watazamaji nchini humo walikadiriwa kufikia milioni 83. Taifa lilikuwa likipanga jioni zake kwa kufuata ratiba ya watu wengine, na Ginn aliitunga kejeli yake katika mazingira hayo. Inafaa kukumbuka pia kwamba Ginn hakuwa mtu wa kuchukia mitambo: SST, lebo (kampuni ya kurekodi muziki) iliyotoa albamu hiyo, ilianza kama biashara yake ya vifaa vya redio alipokuwa kijana mdogo.

Mkosoaji wa Pwani

Nakubali kuwa ni kejeli, lakini nadhani inamlenga mtu asiyestahili. Wenye mitandao na watangazaji wa biashara wanapita bila kuguswa, huku lawama yote ikimwangukia kijana aliyechoka ambaye hana pa kwenda wala fedha za kutumia. Dead Kennedys, bendi nyingine ya panki, mwaka 1985 walipoishambulia MTV, kituo cha televisheni cha muziki, katika albamu yao ya Frankenchrist, waliitaja kwa jina na kuikabili ana kwa ana. Hiyo ndiyo kejeli inayopanda juu kwa wenye nguvu, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi.

Msomaji wa Ushairi

Mkosoaji, hoja yako ni nzito, ila umeuruka ubeti mmoja. Vijana hao wanaeleza kwa nini hawatoki nje: taarifa ya habari imewaonyesha jinsi dunia ilivyo, na wanaiogopa. Wanamwambia mwenzao kwamba akitaka atoke, wao hawathubutu. Kwa hiyo chombo kinachowafungia ndani ndicho kinachowapa sababu ya kujifungia, na kadiri wanavyokitazama ndivyo hofu inavyokua na haja ya kukitazama inavyoongezeka. Hiyo ni shutuma dhidi ya televisheni yenyewe, na nzito kuliko tusi, hata kama hakuna mwenye kampuni aliyetajwa. Tena inatoka kwa watu waliokuwa wakitoka nje kila mara, kwani Black Flag walizunguka Marekani kwa gari wakipiga muziki katika kumbi ndogo, na maonyesho yao huko Los Angeles yaliandamwa na polisi.

Mdadisi wa Nyimbo (muulizaji)

Nawashukuru sana. Ubeti wa taarifa ya habari nilikuwa nikiupita kila mara kwa kungoja kiitikio. Jumamosi nitawasikilizisha wenzangu ubeti huo kwanza, kisha sehemu ya televisheni kuharibika, na nitawaomba waniambie ni starehe gani inayoishia kwa watu kukosa la kuzungumza. Kuhusu hoja ya Mkosoaji, bado naona ana haki katika jambo moja: kijana asiye na fedha anastahili huruma, na sijasikia huruma yoyote katika sauti ya Rollins. Kama kuna anayeisikia, naomba anionyeshe ni wapi.