Vyumba 10 Kiamunyi: mita moja ya maji, kodi inachelewa, karetaka anataka tufunge mlango

MwenyePloti_Kiamunyi

Wadau, hamjambo. Kiwanja ni futi 50 kwa 100, Kiamunyi hapa Nakuru. Kuna bedsita 10 za shilingi 5,500 kila moja, na duka mbele la 8,000. Maji yanapita mita moja ya kampuni, yanapanda tangi la lita 10,000, kisha yanagawanyika vyumbani. Bili tunaigawa sawasawa, na kila mwisho wa mwezi ni kelele: anayeishi peke yake analipa sawa na familia ya watu wanne. Bedsita moja ina deni la miezi mitatu, duka miezi miwili. Dipoziti ni ya mwezi mmoja, mikataba yote ni ya mdomo. Karetaka anasema tuwatie kufuli na kuwakatia maji. Naomba hatua za kufuata, kwanza ya maji, pili ya madeni.

FundiBomba_Nax

Anza na maji, ndugu. Bili ikiwa na utata, mpangaji anapata sababu ya kushikilia hata kodi.

Funga mita ndogo ya nusu inchi kwa kila chumba na moja ya duka. Zipange zote pamoja nje, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, ili karetaka asome bila kuingia kwa mtu. Kila mita iwe na valvu kabla yake. Mita ilale sawa, mshale uelekee chumbani. Nyingi za bei ya chini hazisomi sawasawa zikisimamishwa wima. Kabla ya kuifunga, achia maji yamwagike kupitia bomba lililo wazi dakika chache, maana mchanga na nyuzi za tepu ndivyo vinavyoziba kichujio wiki ya kwanza.

Kuna jambo mafundi wengi hawalisemi: hewa. Tangi likikauka, bomba linajaa hewa. Maji yakirudi yanaisukuma hewa hiyo kupitia mita, nayo inazunguka kama kawaida, na mpangaji analipia upepo. Hapo ndipo utasikia "mita yako ni ya wizi". Mara tu baada ya tundu la kutokea tangini, pandisha kibomba cha kupumulia kilicho wazi juu, kipite kimo cha tangi. Kisha usiruhusu tangi likauke kabisa. Siku za mgao wa maji, afadhali kufunga valvu kuu ya kutokea tangini kiwango kikifika chini.

Jumla ya mita ndogo haitalingana na mita kuu. Tone linalodondoka polepole halina nguvu ya kuzungusha mita ndogo, na bomba la kufulia uani nalo linakula. Pengo likiwa kubwa, subiri tangi lijae na boya lifunge, funga valvu ya kutokea, kisha angalia kile kinyota kidogo kwenye mita kuu. Kikizunguka, ama bomba la kupanda linavuja ama boya limechoka na maji yanatorokea bomba la kumwaga ziada ya tangi. Kikitulia, uvujaji uko upande wa vyumba: fungua tena valvu ya kutokea, funga maji yanayoingia tangini, pima kimo cha maji usiku watu wakilala, pima tena alfajiri.

Jambo la bei pia. Maji ya nyumbani hutozwa kwa ngazi: uniti za kwanza bei ya chini, zinazofuata juu zaidi. Uniti moja ni lita 1,000. Vyumba 10 kwenye akaunti moja vinapanda ngazi haraka, ingawa kila mmoja anatumia kidogo. Nenda ofisi ya kampuni ya maji uulize akaunti yako imesajiliwa kundi gani, na kama kuna kundi la nyumba za wapangaji wengi. Watu wanalipa miaka bila kuuliza.

Mkataba_Kwanza

Kufuli hapana. Kukata maji hapana. Kung'oa mlango au mabati hapana kabisa. Hata mwenye deni hatolewi kwa nguvu bila amri ya mahakama au jopo husika, na ukifanya hivyo anayedaiwa anageuka mlalamishi, wewe unatafuta wakili. Chifu anaweza kuwapatanisha na kushuhudia maandishi, lakini hana mamlaka ya kumfukuza mtu.

Bedsita na duka haziko chini ya sheria moja, na wengi hukosea hapo.

Bedsita ya 5,500 haiangukii Rent Restriction Act, Sura ya 296, ambayo inalinda nyumba za kuishi zenye kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi (wenye singo rumu za bei hiyo wazingatie: wao ni kwa Rent Restriction Tribunal, jopo la kodi za nyumba hizo). Kwako, kodi ikilipwa kwa mwezi, notisi ni ya mwezi mmoja kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, hata kama hakuna mkataba wa karatasi. Andika tarehe, namba ya chumba, deni mwezi kwa mwezi, na siku ya kuhama. Mpe mkononi mbele ya shahidi, piga picha, tuma pia kwa WhatsApp. Akikataa kutoka siku ikifika, ni mahakamani.

Kunadi vitu vyake kunaruhusiwa chini ya Distress for Rent Act, Sura ya 293, lakini kupitia dalali mwenye leseni pekee. Kwa bedsita hesabu haitoki: godoro, mtungi wa gesi na televisheni ndogo vinaweza kuishia kwenye gharama za dalali.

Ndiyo maana napendelea makubaliano ya maandishi kabla ya notisi kama mtu ana kazi. Deni lake ni 16,500. Alipe kodi ya mwezi 5,500 na juu yake 2,750, yaani 8,250, kwa miezi sita. Dipoziti usiiguse. Akikosa awamu moja, notisi inatoka siku hiyo hiyo, na iandikwe hivyo.

Tazama pia tarehe. Kodi ikiwa tarehe 5 na ukatoa notisi tarehe 6, mpaka atoke umeshapoteza karibu miezi miwili, maana notisi lazima iishie siku ya kulipa kodi, nawe umeshika dipoziti ya mmoja. Ukingoja miezi mitatu, umejichimbia mwenyewe.

MwenyePloti_Kiamunyi

Asante sana. Na duka?

Mkataba_Kwanza

Duka ni Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Kwa kuwa hakuna maandishi, huo ni upangaji unaolindwa. Notisi ni kwa fomu maalum ya sheria hiyo, haianzi kazi kabla ya miezi miwili, na lazima itaje sababu. Kuchelewesha kodi miezi miwili baada ya kustahili kulipwa ni sababu inayokubalika, na hapo ndipo mlipofika. Akipinga, anakwenda Business Premises Rent Tribunal, jopo la kodi za biashara, nawe unangoja uamuzi. Hata kuongeza kodi ya duka kunafuata fomu hiyo hiyo. Kunadi bidhaa zake, omba kwanza ruhusa ya jopo hilo.

Hesabu_za_Ploti

Usisahau KRA, mamlaka ya ushuru. Bedsita ni 55,000 kwa mwezi, 660,000 kwa mwaka, kwa hiyo uko kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ndiyo mipaka ya ushuru huu. Ushuru wa kodi za makazi ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, bila kutoa gharama yoyote: 4,125 kwa mwezi. Unahesabiwa kwa kodi uliyopokea, kwa hiyo mwezi ambao chumba kimoja hakikulipa ni 49,500 na ushuru ni 3,712.50, deni likilipwa, linaingia mwezi huo. Mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Duka halimo humu. Hiyo 96,000 ya mwaka inaingia kwenye ritani ya mwaka, ambako gharama zake zinakatwa.

Fungua Paybill, yaani namba ya kulipia kwa M-Pesa, na namba ya akaunti iwe namba ya chumba: B1, B2 na kuendelea. Karetaka asishike pesa taslimu hata siku moja, na taarifa ya M-Pesa ndiyo ushahidi wa deni mkifika mahakamani au kwenye jopo.

Nyamasaria_Majengo

Ushauri wa FundiBomba ni mzuri, ila anayesoma akiwa huku Kisumu asizike mabomba kama ya Kiamunyi. Udongo wetu mweusi hupanuka ukilowa na kupasuka ukikauka, na bomba lililozikwa huvutwa mpaka linaachana kwenye viungo. Pitisha ukutani kwa vibano. Panapolazimu kuvuka uani, chimba mtaro mpana, tandika mchanga chini na juu ya bomba. Na sanduku la mita liinue juu ya kimo cha mafuriko yaliyopita.

FundiBomba_Nax

Kweli kabisa. Na wewe mwenye ploti, siku ya kufunga mita soma zote pamoja na mita kuu, wapangaji wakiwepo, kila mmoja atie sahihi kwenye namba ya kuanzia.