Wenger: lipi la kuiga, lipi la kuacha?

Kikwajuni Juu

Asalaam alaykum wadau. Barazani mjadala wa Arsène Wenger, kocha wa zamani wa Arsenal, hauishi. Mmoja anashika msimu wa 2003/04 tu, alipochukua ligi bila kupoteza mechi, mwengine anashika zile 8-2 alizofungwa na Manchester United Old Trafford tu, na hapo ndipo kelele zinapoanza. Mtu aliyekaa Arsenal kuanzia Oktoba 1996 hadi Mei 2018, mechi 1,235, hapimwi kwa msimu mmoja wala kwa mechi moja. Ana mataji ya ligi 3 (1998, 2002, 2004) na Kombe la FA mara 7. Lakini tazameni miaka yenyewe: mataji yote ya ligi yamo ndani ya miaka 8 ya mwanzo. Miaka 14 iliyofuata hakuna hata moja.

Nina maswali mawili. La kwanza, kilichoharibika baada ya 2004 ni nini khasa, fedha za uwanja mpya au ufundishaji wake mwenyewe? La pili ni la kazi: anayefundisha timu ya vijana ya daraja la Central hapa mjini, mazoezi mara tatu kwa wiki kabla ya magharibi, achukue nini kwa Wenger na aache nini? Kwamba alikuwa muungwana tunajua sote. Nataka mpira.

Mpemba wa Wete

Waalaykumu salaam sheikh. Anza na hesabu, maana wengi wanaomlaumu hawazijui.

Highbury, uwanja wa zamani wa Arsenal, ilikuwa inaingiza watu 38,419. Uwanja mpya ukafunguliwa 2006, watu 60,000 na ushei, kwa paundi milioni 390. Ili ujenzi usisimame, klabu mwaka 2004 ilifunga mkataba na shirika la ndege la Emirates wa paundi milioni 100: jina la uwanja miaka 15, tangazo la kifua cha jezi miaka 8. Fedha ilihitajika mapema, kwa hivyo bei ikafungwa mapema. Miaka michache baadaye klabu nyengine zikawa zinauza kifua cha jezi kwa bei mpya kabisa, na Arsenal bado amefungwa kwenye bei ya zamani.

Na mkosi wa wakati: tajiri Abramovich kaingia Chelsea 2003, Abu Dhabi wakainunua Manchester City 2008. City wakaja kuchota humo humo Arsenal. Adebayor na Kolo Touré 2009, Clichy na Nasri 2011, Sagna 2014. Kocha anauza ili alipe deni, na anayemuuzia ndiye anayeshindana naye. Juu ya hayo kamaliza nne bora misimu 20 mfululizo na kucheza Ligi ya Mabingwa misimu 19 mfululizo. Fedha ya Ligi ya Mabingwa ndiyo iliyokuwa ikilipa deni. Angekosa misimu miwili mitatu tu, klabu ingeyumba. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko ule msimu wa kutopoteza mechi.

Beki Tatu

Mpemba, hesabu zako sizipingi, lakini deni la uwanja halimzuii mtu kumfundisha beki wake asimame wapi.

Turudi nyuma. Wenger alipofika 1996 alikuta ukuta uliojengwa na kocha wa zamani George Graham: Seaman golini, Dixon, Adams, Bould, Keown, Winterburn. Walikuwa wanapanda na kushuka kama waliofungwa kamba moja. Msimu wa 1998/99 Arsenal alifungwa mabao 17 tu katika mechi 38. Wenger hakuwafundisha kukaba. Alichofanya ni kuwaongezea miaka ya kucheza na kuwapa ruhusa ya kutoka na mpira. Wale walipoondoka mmoja mmoja, Adams na Dixon wakastaafu 2002, elimu ile ikaondoka nao, na hakukuwa na aliyekaa kuifundisha upya.

Sasa huu msimu wa 2003/04, ushindi 26, sare 12, kupoteza mechi hakuna. Watu wanaona Henry, mshambuliaji. Tazama umbo. Pires anaingia ndani kutoka kushoto, Ashley Cole anapanda pembeni yake, Henry anatoka katikati anateleza upande ule ule. Watu watatu upande mmoja, beki wa kulia wa mpinzani hajui amfuate nani. Lakini wakati huo Lauren kulia anabaki, Campbell na Touré wanabaki, na Gilberto Silva amesimama mbele yao. Wanne nyuma ya mpira kila wakati. Ndio maana walifungwa mabao 26 tu na wanashambulia vile.

Vieira kauzwa Juventus 2005. Gilberto na Flamini wameondoka wote wawili 2008, Flamini bure kabisa kwa sababu mkataba uliachwa umalizike. Hapakununuliwa kiungo mkabaji wa kiwango kile. Halafu mabeki wa pembeni wakawa wanapanda wote wawili kwa pamoja. Wanne waliokuwa wanabaki wakawa wawili.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa karibu, tafuta nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Mei 2009, dakika ya 61, bao la tatu la United. Mpira umeokolewa kwenye boksi la United. Ronaldo kwa kisigino kwa Park, Park kwa Rooney, Rooney anarudisha kwa Ronaldo, bao. Hakuna mchezaji wa Arsenal aliyesimama katikati ya uwanja kumchelewesha Park hata kwa sekunde mbili. Januari 2010 United wakarudi uwanja ule ule wa Arsenal, wakashinda 3-1, na Park akafunga kwa namna hiyo hiyo. Kosa likijirudia miezi minane baadaye, hilo si la mchezaji tena, ni la mazoezi.

Na msimu wake wa mwisho, 2017/18: nyumbani pointi 47, ugenini pointi 16 katika mechi 19. Mabao ya kufungwa 51. Wachezaji ni wale wale. Nyumbani mpinzani anajikunja nyuma, ugenini anatoka, na akitoka anakuta kati ya viungo na mabeki pana uwanja mzima.

Mpemba wa Wete

Beki Tatu, umesema kweli kwenye umbo. Lakini zile 8-2 za Agosti 2011 usizitie humo. Fabregas na Nasri wameuzwa mwezi ule ule, viungo waliocheza ni Coquelin, Ramsey na Rosicky, na Coquelin ilikuwa mechi yake ya kwanza ya ligi. Siku tatu baadaye dirisha la usajili linafungwa ndipo akaja Mertesacker, Santos, Arteta. Wakamaliza wa tatu, pointi 70. Kocha aliyevunjiwa kikosi Agosti akamaliza wa tatu Mei, mpe haki yake.

Beki Tatu

Nampa. Lakini nijibu la 2015, sheikh. Deni halikuwa tena sababu. Özil kashanunuliwa paundi milioni 42.5 mwaka 2013, Sánchez 2014. Kiangazi kile kwa kikosi cha kwanza kamnunua kipa tu, Petr Čech. Mchezaji wa ndani hata mmoja hakuna. Novemba Coquelin akaumia, wiki moja baadaye Cazorla naye. Hao wawili ndio waliokuwa wanatoa mpira nyuma kuupeleka mbele. Leicester akachukua ubingwa kwa pointi 81, Arsenal wa pili kwa 71. Mwaka ambao Chelsea, City na United wote walikuwa ovyo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko 8-2, kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Mpemba wa Wete

La 2015 sina jibu. Pale alikosea.

Bi Shangani

Kaka Kikwajuni, hawa wawili wataendelea hadi alfajiri, na swali lako la pili halijaguswa. Cha kwanza kuchukua kwa Wenger ni chakula, tena hakina gharama.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Blackburn, Oktoba 1996, ushindi 2-0, Ian Wright mawili. Alishaondoa chokoleti ndani ya basi, na wachezaji wakawa wanaimba kuzidai. Akaleta samaki na kuku wa kuchemsha, mboga, tambi, maji yasiyo na barafu, na akawafundisha kutafuna taratibu. Kabla yake mpira wa Uingereza ulikuwa wa nyama ya kukaanga na bia. Dixon alicheza hadi miaka 38, Bergkamp hadi 37. Hilo halikuletwa na fedha.

Kwa vijana wa Central mechi ikiwa saa 10 jioni, chakula kikuu kisivuke saa 7 mchana. Wali mweupe au viazi vya kuchemsha, samaki wa kuchoma au kuchemsha, mchicha kidogo. Wali wa nazi nzito, chapati za mafuta na mishkaki waache hadi baada ya mechi, kwa sababu mafuta hukaa tumboni muda mrefu na kijana anaanza kushika ubavu dakika ya 20. Urojo saa 9 ni balaa: pilipili, ukali wa ndimu na bajia vyote kwa pamoja. Maji nusu lita taratibu kati ya saa 8 na saa 9, na tende mbili tatu mapumziko zinatosha.

Cha pili ni saa. Mazoezi yake yalipimwa kwa saa ya kuhesabia, zoezi likitimiza muda linakatwa hata kama limenoga. Ukiwa na dakika 75 kabla ya adhana, hiyo ndiyo nidhamu unayoihitaji.

Kikwajuni Juu

Ahsante Bi Shangani, ahsanteni nyote. Sasa kwa Beki Tatu: lile zoezi la Wenger la kupanga wachezaji 11 bila ya mpinzani na kupitisha mpira hadi golini, linafaa? Na hiyo ya kubaki wanne naifundisha vipi?

Beki Tatu

Linafaa, lakini dakika 10 tu, na kwenye kiwanja cha udongo usidai mguso mmoja. Mpira ukigonga kijiwe unaruka, kijana anaupiga hewani, halafu anadhani hajui mpira. Miguso miwili: wa kwanza kuutuliza mbele ya mguu wa mbali, wa pili kuutoa. Tatizo la zoezi lile ni kwamba likiwa peke yake halimfundishi mtu la kufanya mpira ukipotea. Hapo ndipo Arsenal alipokwama.

Kwa hivyo baada yake weka hili. Nusu uwanja, washambuliaji 10: mabeki wa kati 2, wa pembeni 2, viungo 3, mbele 3. Wapinzani 8 na kipa. Kwenye mstari wa kati weka magoli madogo mawili ya koni, upana wa mita 2, moja kila upande. Wapinzani wakinyakua mpira wana sekunde 8 kufunga kwenye goli dogo. Walioupoteza wana sekunde 5 kuurudisha. Wakishindwa, warudi nyuma ya mpira wote. Kisha tia koni mita 25 kutoka golini, mstari mmoja: mabeki wa pembeni wote wawili wakiuvuka kwa wakati mmoja, wapinzani wanapewa bao. Mmoja akipanda, mwenzake anabaki na mabeki wa kati na kiungo mkabaji. Hao ndio wanne wako. Vipindi vinne vya dakika 4, mapumziko dakika 2.

Yatakayoharibika ni mawili. Kiungo mkabaji ataufuata mpira. Mwambie asitoke katikati ya magoli yale mawili madogo, ajisogeze kushoto na kulia tu. Na mabeki wa kati watakimbilia nyuma mapema kwa woga, pafunguke pengo la mita 30 mbele yao. Wakae mita 10 hadi 12 nyuma ya kiungo, wasonge mbele kila pasi inapokwenda mbele. Wiki ya kwanza wapinzani watafunga sana. Usilibadilishe zoezi, wala usiongeze koni.