MJADALA: Viwanda vya bonde la Msimbazi vihamie Kwala, au vibaki visafishe maji yao?

Ndugu zangu, hoja iliyoletwa hapa ni kwamba viwanda vya Vingunguti na kandokando ya Barabara ya Nyerere vipelekwe Kwala, huko Kibaha, penye bandari kavu na reli ya SGR. Wanaoiunga mkono wanasema Dar itapumua, Mto Msimbazi utarudi kuwa mto, na malori yatapungua barabarani. Mimi napinga.

Sibishani na anayesema hali ya Msimbazi haivumiliki. Mto unaanzia vilima vya Pugu na kumwaga baharini pale Salenda, na njiani unabeba maji ya viwandani, ya machinjioni na ya vyooni. Watafiti wamepima mboga zinazolimwa bondeni humo wakakuta madini mazito, risasi ikiwemo. Mboga hizo zinaishia sokoni, tunazila. Na mvua ikizidi, maji hayohayo yanaingia vyumbani mwa watu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya wenzetu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande.

Lakini Kwala yenyewe iko wapi? Iko ndani ya bonde la Ruvu, na Ruvu ndiyo inayotunywesha. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar yanachotwa kwenye mto huo, Mlandizi na Bagamoyo. Mwaka 2022 mto ulipopungua, jiji lilipata maji kwa mgawo. Kiwanda kinachomwaga uchafu Vingunguti kwa sababu hakuna anayekibana, kitamwaga Kwala kwa sababu ileile, na safari hii uchafu utakuwa unaelekea kwenye ndoo zetu. Huko ni kutoa choo uani na kukichimba kando ya kisima.

Kinachotakiwa ni mtambo wa pamoja wa kusafisha majitaka, uwepo kabla kiwanda cha kwanza hakijawasha mashine. Waethiopia walifanya hivyo Hawassa. Eneo lao la viwanda vya nguo lilifunguliwa 2016 likiwa na mtambo unaosafisha maji ya viwanda vyote, na sehemu kubwa inarudi kutumika tena. Kiwanda kimoja kidogo hakiwezi kumudu mtambo wa aina hiyo, ila ishirini wakichangia wanaweza. Kalundborg, Denmark, wamekwenda mbali zaidi: tangu miaka ya 1970 mabaki ya kiwanda kimoja, yawe mvuke au gesi, yanauzwa kwa jirani kama malighafi.

Kuna mchangiaji aliyesema suala la hewa ya ukaa limekwisha kwa sababu tuna gesi ya Songo Songo tangu 2004 na sasa bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115. Umeme huo ni neema kubwa, sikatai. Hata hivyo kwenye viwanda vya saruji zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inatoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, hata ukibadilisha nishati. Dawa mojawapo ni kupunguza klinka, yaani yale mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji, na kuchanganya vitu kama pozolana, kwa mfano majivu ya volkano. Na hilo halitegemei kiwanda kiko wilaya gani.

Halafu kuna wafanyakazi, ambao sijaona mtu akiwataja. Kibarua wa Buguruni au Tabata anakwenda kazini kwa mguu. Ukimpeleka Kwala, nauli itakula ujira wake, au ahamie sehemu isiyo na zahanati wala shule za kutosha.

Serikali ilipata mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2022 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: daraja la Jangwani linyanyuliwe, karakana ya mwendokasi iondoke bondeni, pawe na bustani ya jiji. Nauunga mkono mradi huo kwa moyo wote. Ila bustani hiyo itapokea kila kinachomwagwa huku juu, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za mto ipo tayari. Pendekezo langu ni kila kiwanda kilichobaki kilipie majitaka yake kwa ujazo na kwa kiwango cha uchafu, na fedha hiyo ijenge mtambo.

Wenye viwanda watasema bidhaa zitapanda bei na za kutoka nje zitawamaliza. Ni hoja nzito na naomba tuijadili kwa hesabu. Anayetaka vihamie Kwala naye anijibu: nani atajenga mtambo kule, lini, na kabla haujakamilika maji ya viwanda hivyo yatakwenda wapi?