Presha mchana safi, alfajiri inagonga 172. Wazoefu naombeni ushauri

Kijiti Kavu (mleta uzi): Wakuu, salaam. Nina miaka 46, presha niligundulika nayo 2022. Nimenunua mashine ile ya kufunga kwenye kifundo cha mkono kama saa, najipima mwenyewe. Mchana inasoma 128/80, 131/82, safi kabisa. Saa kumi alfajiri naamka na alamu nipime tena: juzi 168/101, jana 172/104. Nakaa kitandani natazama namba hadi adhana. Je, kuna dawa ya kushusha ya usiku peke yake? Usingizi umekwisha.

Babu Mchongoma: Chumvi hiyo. Mimi 2015 nilianguka ndani ya kivuko cha Kigamboni, watu wakanipita wakidhani nimelewa, mmoja akanivua na kofia akaondoka nayo. Tangu siku ile mama watoto kafungia kopo la chumvi kabatini, ufunguo anao yeye. Nakula kama mgonjwa ila nipo hai.

Nesi wa Zamu: Kijiti, unatumia dawa gani? Na mkono unauweka wapi ukipima?

Kijiti Kavu: Dawa ninazo. Mchana napima nikiwa kwenye foleni, mkono juu ya usukani. Alfajiri nimelala tu, mkono unaning'inia kando ya kitanda.

Nesi wa Zamu: Mkono ukiwa juu ya usawa wa moyo mashine inasoma pungufu, ukining'inia inazidisha. Kwa hiyo namba zako zote mbili siziamini. Tafuta mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Kakojoe, kaa kitini dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani. Pima mara mbili asubuhi kabla ya dawa, mara mbili jioni, siku 7. Nyumbani wastani ukifika 135/85 hiyo ni presha. Na alamu ya saa kumi izime, unajikurupusha bure. Ya usiku hospitali kubwa wana mashine ya kuvaa saa 24, inapima yenyewe umelala. Halafu "dawa ninazo" si jibu. Unazimeza?

Kijiti Kavu: Nameza siku mashine ikisoma juu. Ikisoma 128 nimeze ya nini? Mwili nao unahitaji kupumzika.

Nesi wa Zamu: Zipi?

Kijiti Kavu: Amlodipini na bendro, ile ya kukojosha. Wakuu niseme ukweli, zile dawa zimeniharibia mambo ya chumbani. Mke anadhani nina mchepuko. Nimeshaongea na mzee mmoja wa Tanga, ana unga wa mizizi, nimelipa nusu. Msinihukumu.

Chura wa Jangwani: Hahaha kumbe presha ipo kwingine.

Mama Pili: Mwambie mkeo ukweli, kaka yangu. Wangu alificha vidonge ndani ya soksi mwaka mzima. Sasa mkono wa kulia hauinuki, mimi ndiye namvisha shati.

Mtoa Povu: Chai hii, stori ya kutunga. Aidii yake humu ina wiki 2, mashine imetajwa mara kumi, kesho mtaona "wakuu ninazo chache zimebaki". Nani anajipima presha kwenye foleni? Weka picha ya mashine.

Chura wa Jangwani: Foleni ya Mbagala unaweza kujipima hata ujauzito. Ila mzee wa mizizi ndiye tangazo lenyewe, nimekaa pale.

Kijiti Kavu: Siuzi chochote jamani. Mtu anaumwa mnamletea utani.

Nesi wa Zamu: Chai au si chai, kuna mwingine anasoma. Amlodipini inachukua kama wiki kujijenga mwilini, ukiimeza kwa kuruka hujawahi kuipata ikifanya kazi sawasawa. Bendro kweli inaweza kuleta shida hiyo ya chumbani, lakini presha nayo inaiharibu mishipa ileile. Mwambie daktari hivyohivyo ulivyotuambia, dawa za kubadilisha zipo. Huo unga usiuchanganye. Ikipita 180/120 na kifua kinabana au mdomo unapinda, usije huku kuuliza, nenda hospitali.

Kijiti Kavu: Nimeazima mashine ya jirani, ya kiwikoni. Nimekojoa, nimekaa kitini, dakika 5. Saa nane hii ya mchana: 161/98. Nimerudia, 158/97.

Mtoa Povu: Picha.

Babu Mchongoma: Hiyo ya jirani anauza?